Kwa nini wananilipa kutunza mbegu za "magugu"

Naandika kutoka Sydney. Najua nimekuwa kimya kidogo. Kazi zilibana, lakini niko mzima wa afya na sijamsahau mtu.

Leo nataka kujibu swali ambalo kila nikipiga simu nyumbani naulizwa, na mjomba ndiye kinara: hivi kazi yako huko ni ipi hasa? Nikisema natunza mbegu, watu wanafikiria mahindi na ngano. Nikisema ni mbegu za mimea ya porini, ambayo hailiwi wala haiuzwi sokoni, simu inanyamaza kidogo, halafu mtu anauliza kwa upole, "Na wanakulipa?"

Wananilipa. Ila sababu ya kunilipa ni ndefu. Inaanza zaidi ya miaka 200 iliyopita, na katikati inapita kwetu Tanga. Basi vuteni viti.

Tarehe 29 Aprili 1770 meli ya Kiingereza iitwayo Endeavour, nahodha wake James Cook, ilitia nanga kwenye ghuba moja ambayo leo iko upande wa kusini wa jiji hili. Ndani ya meli alikuwemo kijana tajiri mpenda mimea, Joseph Banks, na mwenzake Daniel Solander, mtu wa Uswidi. Hao wawili walichuma mimea mingi ambayo Ulaya haikuwahi kuiona, mpaka Cook akaipa ghuba ile jina la Botany Bay, yaani ghuba ya elimu ya mimea. Kundi moja la miti waliyoichuma mpaka leo linaitwa Banksia, kwa jina la huyo Banks. Wenyeji wa hapa bila shaka walikuwa na majina yao kwa miti hiyo, na walijua ipi ina maua matamu na ipi inafaa kwa moto. Hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1779 Banks aliulizwa na wabunge wa Uingereza ni wapi panafaa kupeleka wafungwa, akaitaja Botany Bay. Mwezi Januari 1788 meli 11 zikafika. Wakakuta udongo si kama walivyosimuliwa, maji ni haba, wakasogea kidogo kaskazini hadi mahali ambapo leo ndipo katikati ya Sydney.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mbegu zinapoingia. Watu wale walikuja na mbegu za ngano, shayiri na mboga kutoka Uingereza, nyingine wakazichukua njiani Rio de Janeiro na Cape Town. Walipozipanda, nyingi hazikuota. Gavana wao, Arthur Phillip, aliandika kwamba mbegu ziliharibiwa na joto safarini, na nyingine zilishambuliwa na fukusi. Miezi minane ndani ya tumbo la meli, kwenye joto na unyevunyevu wa bahari, zilikuwa zimekufa. Walikuwa wamebeba magunia ya mbegu zilizokufa bila kujua! Mwezi Oktoba mwaka ule ule ikabidi meli ya Sirius irudi mpaka Cape Town kutafuta unga. Njaa ya kwanza ya mji huu wa kifahari ilitokana kwa sehemu kubwa na utunzaji mbaya wa mbegu.

Nikisoma habari hiyo namkumbuka bibi yangu Muheza. Hakusoma hata darasa moja, lakini mahindi ya mbegu aliyatundika juu ya mafiga, moshi uyapitie, na kunde za mbegu alizichanganya na majivu makavu kwenye kibuyu akaziba mdomo. Alijua kwamba adui wa mbegu ni unyevu, joto na wadudu. Siku hizi wataalamu wana kanuni yake: ukipunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia 1, umri wake ghalani unakaribia kuongezeka mara mbili, ukipunguza joto kwa nyuzi 5 hivi, unaongezeka mara mbili tena. Yote tunayofanya maabara ni hesabu hiyo hiyo ya bibi, ila sisi tuna umeme.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1789 ugonjwa wa ndui uliingia hapa na kuua karibu nusu ya wenyeji waliokuwa wakiishi kuzunguka Sydney. Hebu fikirini maana yake. Wazee waliojua kila mti, unachanua lini, mbegu yake inakomaa lini, waliondoka ndani ya miezi michache. Maarifa yale hayakuwa kwenye kitabu. Watu wao wapo mpaka leo na mengi wameyahifadhi, lakini yaliyopotea mwaka ule hayakurudi.

Mwaka 1816, pale pale ambapo ngano ya mwanzo iligoma kuota, ilianzishwa bustani ya mimea ya serikali. Ipo hadi leo, kando ya bahari, watu wanapigia picha za harusi. Bustani za namna hiyo zilikuwa kama ofisi za dola. Kazi yake ilikuwa kujaribu mimea kutoka nchi nyingine na kutuma ya hapa kwingine, hasa Kew kule London, na kutoka Kew ikasambazwa dunia nzima.

Na sisi tulipata mgawo wetu. Mgrivea mnaouona umesimama juu ya kahawa Kilimanjaro na kwenye chai Kenya, asili yake ni mashariki mwa Australia. Mikaratusi mingi, wakiwemo wanaozunguka Addis Ababa kwa ajili ya kuni tangu enzi za mfalme Menelik, ilitoka huku. Miwati ya Njombe na Lushoto, inayotoa magome ya kutengenezea ngozi, nayo ni ya huku. Siku ya kwanza nilipofika na kuiona miti hii porini, nilidhani wameleta miti yetu. Kumbe ndipo kwao.

Wajerumani nao hawakulala. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida kwenda Tanga. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba ambayo babu zetu walikatia mkonge. Wakati huo huo mambo yalikwenda na upande wa pili: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule kwetu, alipeleka Ulaya ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara, na mwaka 1893 likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa dunia nzima kwenye vyungu, hata hapa Sydney nimelikuta dukani. Msambaa gani aliona hata senti ya ua hilo?

Mwaka 1902 wakajenga Amani, juu kabisa Usambara Mashariki, kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na mimea. Walileta miti ya kigeni ya kila namna, mikwinini, mipira, viungo, wakaijaribu. Baadaye Waingereza wakakirithi, halafu mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Shikilieni jina hilo la Muguga, nitalirudia.

Mnaona mwelekeo wa mambo? Kwa zaidi ya miaka 100 mbegu ilikuwa na thamani pale tu ilipoweza kuuzwa. Mmea wenye nyuzi, wenye mpira, wenye dawa, wenye ua la kupendeza, ulipandishwa meli. Mingine yote ikaitwa pori, na pori lilikuwa la kufyekwa. Hapa magharibi ya Sydney palikuwa na uwanda wa miti na nyasi unaoitwa Cumberland Plain. Leo imebaki chini ya sehemu moja katika kumi. Iliyobaki ni nyumba, barabara na maduka makubwa.

Wazo la kuhifadhi mbegu badala ya kuzichukua tu lilianza na watu wa mazao. Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, alizunguka dunia akikusanya mbegu za vyakula, na mwaka 1927 alifika hadi Ethiopia. Mkusanyiko wake ulikuwa Leningrad. Vita vya pili vilipoanza na mji ukazingirwa kuanzia 1941, watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Wafanyakazi wa ghala lile walikufa nao, wakiwa wamezungukwa na mchele, njugu na nafaka ambazo walikataa kuzila kwa sababu ni mbegu za kesho. Vavilov mwenyewe alifia gerezani Saratov mwezi Januari 1943, amefungwa na serikali yake. Huku kazini tukilalamika kwamba chumba cha ubaridi ni kikali, kuna mwenzetu mmoja hututajia Leningrad, tunanyamaza.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Iko Mount Annan, kilomita kama 60 kusini magharibi ya katikati ya jiji, kwenye ardhi ya watu wa Dharawal. Mwaka 1986 ilianzishwa benki ya mbegu pale, na sababu ya mwanzo ilikuwa ya kawaida kabisa: walikuwa wanajenga bustani kubwa ya mimea ya asili ya Australia, iliyofunguliwa 1988, wakahitaji mbegu za kupanda. Yaani lilikuwa ghala la fundi bustani. Polepole wakatambua kwamba baadhi ya mbegu walizonazo ni za mimea inayotoweka. Mwaka 2000 Waingereza wa Kew walifungua benki kubwa ya mbegu za porini kule Wakehurst, Sussex, na nchi nyingi zikajiunga na kazi hiyo, zikiwemo Australia, Kenya na Tanzania. Mwaka 2013 Mount Annan ikapata jengo jipya linaloitwa PlantBank. Neno benki lisiwadanganye, hatutoi mikopo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mnakwenda porini mbegu zikiwa zimekomaa, si kabla wala si baada. Mnachukua kidogo: kanuni ni kutozidi sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo, nyingine ni za ndege, za mchwa na za mti wenyewe. Mnakata na tawi la kukausha ili mtu wa baadaye athibitishe ni mmea gani. Maabara mnapepeta, kama mnavyopepeta mchele kwenye ungo, kweli kabisa. Mnazipiga picha za eksirei kuona kama ndani kuna kiini au ni ganda tupu. Mnazikausha taratibu kwenye chumba cha nyuzi 15, halafu zinafungwa kwenye pakiti za karatasi ya alumini na kulazwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya muda mnatoa chache na kuziotesha kuona kama zingali hai.

Kuziamsha ndiyo kazi yenyewe. Mbegu nyingi za huku hazioti kwa maji tu. Zinasubiri moto. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba si joto peke yake, moshi wenyewe unaamsha mbegu, na mwaka 2004 watafiti wa Australia Magharibi wakaitambua kemikali iliyomo ndani ya moshi. Sasa tunazilowesha mbegu kwenye maji yaliyopitishwa moshi. Nikifanya hivyo maabara inanuka kama jiko la bibi.

Mtauliza, kuna faida gani? Nitawapa mifano miwili.

Mwaka 1994 askari wa hifadhi, David Noble, alishuka kwa kamba kwenye bonde moja ndani ya hifadhi ya Wollemi, si zaidi ya kilomita 200 kutoka Sydney, akakuta miti asiyoijua. Ikaja kugundulika kwamba ni ukoo wa kale uliojulikana kwa visukuku tu, mawe yenye alama za mimea ya enzi za mijusi wakubwa. Miti mikubwa haikufika 100 dunia nzima. Kiangazi cha 2019 hadi 2020 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni 5 za jimbo hili la New South Wales. Moshi ulifunika jiji, jua likawa jekundu kama kaa la mkaa. Wazima moto walishushwa kwa helikopta ndani ya bonde lile la siri, wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji, ndege zikamwaga dawa ya kuzuia moto pembeni. Miti ikaokoka. Lakini hata kama ingeungua, mbegu na miche yake ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa kwingine. Hiyo ndiyo faida.

Mfano wa pili ni wa uchungu. Mwaka 2010 ugonjwa wa kutu ya majani, asili yake Amerika ya Kusini, uliingia hapa. Unashambulia jamii moja kubwa ya mimea. Mnaijua jamii hiyo: ndani yake wamo mpera, mzambarau, mkaratusi na mkarafuu wetu wa Unguja na Pemba. Hapa kuna mti mdogo wa porini unaoitwa mpera wa asili. Kutu inakula kila chipukizi changa, mti haufiki hata kutoa tunda. Sasa benki ya mbegu itahifadhi nini wakati mbegu hakuna? Wenzangu wanahangaika na vipandikizi na vipande vya chipukizi kwenye chupa. Tulichelewa, sote, dunia nzima. Mbegu huwekwa wakati mti bado unazaa.

Na kuna mbegu zisizokubali benki kabisa. Embe, parachichi, fenesi, kakao, ukizikausha zinakufa. Miti mingi ya misitu ya mvua ni hivyo hivyo, huku na kule Amani. Baadhi ya mimea viini vyake vinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, lakini ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa mingi iliyobaki, ghala la kuaminika ni msitu wenyewe, umesimama.

Sasa Muguga. Pale pale ambapo kazi ya Amani ilihamia, Kenya ina benki yake ya mbegu tangu 1988. Tanzania inayo Arusha. Ethiopia ilitangulia, mwaka 1976. Na mwaka 1992 kule Rio de Janeiro mataifa yalikubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake. Kwa maneno mengine, leo hii hakuna Saint Paul anayeruhusiwa kuondoka na ua la Usambara bila kibali na makubaliano. Ilichukua miaka 100, lakini imeandikwa.

Ila karatasi haioteshi mti. Kuna mti mmoja wa pwani yetu, jina lake la kisayansi ni Karomia gigas. Ulipatikana Kenya mwaka 1977, baadaye ukahesabiwa kuwa umetoweka. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena mkoani Lindi, miti michache mno. Mbegu zake zinaharibiwa na ukungu, nyingi hazina uhai. Mwaka 2018 nyingine zilipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na kati ya lundo lile zilizoota ni za kuhesabu. Wollemi walipeleka helikopta. Mti wa Lindi una nani?

Una watu wa vijijini kule, na hilo ndilo ninalotaka mlibebe. Kazi hii haianzi na friji. Inaanza na mtu anayesema, "Mti huo upo bonde la pili, na mbegu zake huanguka baada ya vuli." Wanavijiji wa Amani wanaookota mbegu za msambu kwa ajili ya mafuta wanajua kuhusu mti ule mambo ambayo mimi na shahada zangu siyajui, na mbegu hizo ni maarufu kwa kuchelewa kuota hata kwa wataalamu. Sydney ilipoteza watu wa namna hiyo mwaka 1789, na sisi tuliopo leo tunatumia miaka na mamilioni kutafuta walichokuwa wanakijua. Nyie bado mnao. Wengine mnakaa nao nyumba moja.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, shangazi, tafadhali usinitumie tena mbegu za mchicha ndani ya bahasha! Nakushukuru kwa mapenzi, lakini hapa mbegu hazipiti bila kutangazwa na kukaguliwa, na baada ya habari ya ile kutu nadhani umeelewa wana sababu. La pili, wadogo zangu wenye simu za kupiga picha, mpelekeni babu au bibi shambani siku moja ya Jumapili. Kila mti wa porini anaoujua, aseme jina lake, kwa Kisambaa, Kibondei, Kizigua au Kidigo, unatumika kwa nini, na mbegu inakomaa mwezi gani. Andikeni kwenye daftari la kawaida, na picha pembeni. Mkimaliza nitumieni nakala, hiyo haizuiwi uwanja wa ndege.

Wasalimieni wote wa Muheza, Tanga mjini na Dar. Mwenye swali aulize, nitajibu.